Ordinatere inakataa Windows ao Linux: tafuta chanzo mbele ya kununua kifaa kingine

Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia, vijana wengi wanajiunganishia ordinatere nyumbani: boksi ya zamani, kartimeri ya okazio, disiki iliyotoka ku mashini ingine. Bei inapungua, lakini siku ya kuweka sistemu ndipo shida zinaanza. Ekrani inabaki nyeusi, ao kazi inakatika katikati, na mtu anaambiwa haraka: «Disiki imekufa, nunua ingine.» Anatoa dola zake, kisha kosa linabaki palepale.

Ndugu msomaji, angalia kwanza kazi inasimama fasi gani. Fasi ile ndiyo inaonyesha kifaa cha kupima.

Mbele ya yote, kama disiki ilitumika zamani, chukua kopi ya kila kitu: picha, hesabu za duka, kazi ya TFC. Kuweka sistemu mupya kunaweza kufuta vyote.

Mashini inawaka lakini ekrani ni nyeusi

Hapa Windows haina kosa, sababu haijaanza bado. Chomoa kamba ya umeme, tosha bareti ya RAM, pangusa meno yake polepole na gome safi ya penseli, kisha uirudishe mpaka ishike pande zote mbili. Kama ziko mbili, jaribu moja moja. Angalia pia kamba ya prosesere, ile ya pini 4 ao 8 karibu na prosesere yenyewe. Watu wengi wanaisahau: feni zinazunguka, lakini hakuna picha.

Prosesere za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i5-10400F, hazina picha ndani yake. Zinahitaji karti ya grafiki, na kamba ya ekrani ichomekwe ku karti ile.

Flashi haionekani

Kubandika faili ya ISO ku flashi kama vile wimbo haitoshi. Flashi itengenezwe na programu ya Microsoft ao na Rufus, ambayo ni ya bure. Kwa Windows 11, tumia flashi ya giga 8 ao zaidi. Kisha washa mashini huku unabonyeza F12, F11, F8 ao Esc, kulingana na kartimeri, uchague flashi.

Kama saa na tarehe zinarudi nyuma kila mara unapochomoa umeme, batri ndogo ya kartimeri, CR2032, imekwisha. Mipango unayoweka ku BIOS inaweza kupotea pamoja nayo. Badilisha batri hiyo kwanza.

Disiki haionekani ao inakataliwa

Kama hata BIOS haiioni disiki, badilisha kamba na fasi ya kuchomeka. Kama BIOS inaiona lakini Windows haiioni, na prosesere ni Intel ya kizazi cha 11 kuendelea, mara nyingi ni mpango unaoitwa VMD. Uzime ku BIOS, ao weka pilote ya Intel ku flashi.

Ujumbe unaotaja MBR na GPT unatisha watu bure. Maana yake ni kwamba disiki imegawanywa kwa njia ya zamani, na flashi imeanza kwa njia mupya ya UEFI. Kama kopi yako iko tayari, futa migawanyo yote ya disiki ile ku ukurasa wa kuchagua disiki, mpaka ibaki nafasi tupu moja, kisha endelea. Windows itaigawanya yenyewe. Soma vizuri ukubwa wa disiki mbele ya kufuta, usije ukafuta ile ingine yenye data.

«Ordinatere hii haiwezi Windows 11»

Windows 11 inaomba TPM 2.0, UEFI yenye Secure Boot, RAM ya giga 4 na disiki ya giga 64. Mara nyingi TPM iko lakini imezimwa: ku BIOS ya Intel inaitwa PTT, ku AMD inaitwa fTPM. Iwashe. Lakini prosesere za Intel za mbele ya kizazi cha 8, karibu zote haziko ku liste ya Microsoft.

Kurudi ku Windows 10 si njia ya kudumu, sababu msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mashini kama hiyo, Linux Mint ni ya bure na inatosheka na RAM ya giga 2, ingawa 4 ni muzuri zaidi. Tena unaweza kuijaribu toka ku flashi bila kugusa disiki. Ikitumika vizuri, unajua mashini yenyewe iko sawa.

Kazi inakatika katikati

Kosa 0x80070570 linaonyesha kwamba faili hazisomeki. ISO ilishuka vibaya, flashi ni mbovu, ao RAM ina shida. Anza na kile cha bei ndogo: flashi ingine na fasi ingine ya USB. Kama bado, pima RAM na MemTest86 usiku muzima. Hata kosa moja ni alama kwamba RAM haiaminiki.

Kama mashini inazima yenyewe, angalia joto la prosesere na alimantasio. Na kama umeme wa kwenu unakatika kila mara, tumia onduleri, ao ngoja saa umeme unatulia.

Inarudi mwanzo, ao inalomba intaneti

Mashini ikijiwasha upya mara ya kwanza, tosha flashi, la sivyo inaweza kuanza tena toka zero. Kama Windows 11 inalomba intaneti na Wi-Fi haionekani, unganisha simu ya Android kwa kamba ya USB na ugawe intaneti yake.

Ukishindwa, piga picha ya ujumbe na uandike hatua ulizojaribu. Mwombe fundi apime na kifaa chake mwenyewe kwanza. Ikikubali na kifaa chake, hapo ndipo ununue.