Sarafu za fedha za wazee: ujue unachoshika kabla hujauza

Familia nyingi zilizokimbia Bijombo na vijiji vingine vya milima mirefu ya Uvira zilishuka bila ng'ombe, bila vitanda, bila karatasi. Lakini kitu kidogo kinaingia ndani ya kitambaa. Ndiyo maana wasikilizaji wanauliza: sarafu nyeupe aliyoacha babu, yenye sura ya mfalme na maandishi ya Kifaransa, ni fedha ya kweli ao ni chuma tu? Na inatuambia nini juu ya historia yetu?

Tuanze na historia. Wazungu Richard Burton na John Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi mwezi wa nne 1858, biashara ya ziwa ilifanywa kwa shanga na nguo. Kwenye soko la Ujiji shanga zilizoitwa sofi ndizo zilikuwa pesa. Huku milimani, mali ya mtu ilihesabiwa kwa ng'ombe na jembe.

Franka ilikuja na Leopold II. Mwaka 1887 aliamua kwamba pesa ya Dola Huru la Congo iwe franka, na sarafu zikapigwa Brussels. Hazikuwa na kipimo kipya. Tangu 1865 Ufaransa, Ubelgiji, Italia na Uswisi walikuwa wamepatana kupiga sarafu za uzito mmoja, na kipimo chenyewe kilitoka kwa Wafaransa. Kwa hiyo franka 5 ya Congo na franka 5 ya zamani ya Ufaransa ni ndugu: gramu 25, upana milimita 37, na kati ya sehemu 1000 za madini, 900 ni fedha. Ndogo zake zina fedha 835 kwa 1000: franka 2 ni gramu 10, franka 1 ni gramu 5, nusu franka ni gramu 2.5.

Ile ya Congo ina kichwa cha Leopold II na maneno ETAT INDEP. DU CONGO. Upande wa pili wa franka 5 kuna nembo yenye simba wawili. Ile ya Ufaransa inaweza kuwa na sura ya Napoleon III, ao Hercules akisimama kati ya wanawake wawili. Igeuze uangalie ukingo: franka 5 ya Hercules ya miaka ya 1870 ina maneno yaliyoinuka, DIEU PROTEGE LA FRANCE. Kama ukingo ni laini kabisa, uwe na mashaka.

Ng'ambo ya Rusizi Wadachi walikuwa na pesa yao, rupia: gramu 11.66, fedha 917 kwa 1000, na Kaisari Wilhelm II amevaa kofia ya vita yenye tai. Mpaka kati yao na Wabelgiji ulikubaliwa mwaka 1910 tu, na mwaka 1916 askari wa Congo walivuka wakaingia Burundi mpaka Tabora. Basi rupia ndani ya sanduku la mzee wa Uvira si jambo la ajabu.

Sasa vipimo. Cha kwanza ni sumaku, hata ile ya spika ya redio iliyokufa. Sarafu ikishikwa, si fedha. Isiposhikwa, bado hujamaliza, kwa sababu shaba na nikeli iliyochanganywa na shaba nazo hazishikwi. Franka 1 ya Mfalme Albert, yenye mti wa mawese, ni nyeupe lakini haina fedha. Franka 50 ya mwaka 1944 yenye tembo ina fedha nusu tu.

Cha pili ni mizani ndogo, kama ya wanunuzi wa dhahabu. Franka 5 iliyotumika sana inapungua kidogo, lakini ikionyesha gramu 20, iache.

Cha tatu ni maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, uirudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni. Kwa franka 5 ya kweli mizani itaandika karibu gramu 2.4. Sarafu ya shaba na nikeli yenye uzito uleule itaandika karibu 2.8, kwa sababu ni nyepesi kuliko fedha na inachukua nafasi kubwa zaidi. Kipimo hiki hakiharibu kitu. Kukwaruza, kung'ata na kumwaga asidi vinaharibu.

Tena usisugue sarafu kwa majivu ao mchanga ili ing'ae. Weusi ule ni wa fedha ya zamani, na mnunuzi anayejua atashusha bei akiona mikwaruzo. Ujue pia kwamba franka 5 ina gramu 22.5 za fedha safi. Anayekupa bei ya chini ya madini hayo anakuibia. Anayekuahidi nyumba kwa sarafu moja, lakini utoe kwanza pesa ya "karatasi", naye anakuibia.

Jambo la mwisho ni zito kwetu. Wako watu wanaotaka kuonyesha sarafu ya 1887 na kusema: tazama, sisi tulikuwa hapa mwaka ule, ninyi hamkuwepo. Sarafu haiwezi kutoa ushahidi huo. Inaonyesha tu kwamba haikutengenezwa kabla ya 1887. Inaweza kuwa imefika miaka 40 baadaye, kwa mshahara, kwa mahari ao kwa ng'ombe aliyeuzwa sokoni. Reale ya Maria Theresa, iliyotumika sana Zanzibar, imeandikwa 1780, lakini iliendelea kupigwa na mwaka uleule, hata Paris na Brussels katika miaka ya 1930.

Kinachoipa sarafu historia ni maneno ya aliyeishika. Kama bibi ao mzee bado yuko hai, muulize leo: ilitoka kwa nani, ilinunua nini, ilipita wapi? Andika majibu, piga picha pande zote mbili na ukingo, na mwachie ndugu mwingine nakala. Ukilazimika kuuza ili watoto wale, uza bila aibu. Lakini habari yake ibaki ndani ya familia.