Tufani na Mkataba: Hatari Mbili za Wenye Mashamba ya Karafuu

Aghalabu husemwa kwamba mtu hodari wa kuanzisha biashara ni yule aionaye hatari kabla haijamfikia. Maneno hayo ni kweli, lakini hayatoshi. Iko hatari isiyo na dalili, na iko yenye dalili tele ambayo mtu haioni kwa kuwa kuiona kutamvunjia hesabu yake. Wenye mashamba ya mikarafuu katika Unguja walifikiwa na hatari zote mbili katika muda wa miezi kumi na minne tu, na kwa hiyo habari yao yafaa kuchunguzwa.

Mkarafuu uliletwa Unguja mapema katika karne ya 19, kutoka visiwa vya Mascarene vilivyo kusini-magharibi ya Bahari ya Hindi. Sayyid Said bin Sultan aliuhimiza sana ukulima huo, na matajiri wengi wakamfuata. Kuanzisha shamba kulitaka subira na mali nyingi: msitu ufyekwe, miche ipandwe na kutunzwa, kisha mwenyewe angoje miaka sita au saba kabla ya kuona chumo la kwanza. Ambaye hakuwa na fedha za kutosha alikopa kwa kuliweka shamba rehani, au aliliuza kwa khiyari ya kulikomboa baadaye.

Tusidhani kuwa watu hao walikuwa wajinga wa mambo. Hatari ya deni waliijua. Hatari ya bei nayo waliijua, kwani katika miaka ya 1840 karafuu zilizidi sokoni na thamani ya frasila ikashuka sana. Waliyajua hayo kwa sababu yalikwisha kuwapata wao wenyewe au jirani zao, na hiyo ndiyo njia ya kwanza ambayo mfanya biashara hutambua hatari: hukumbuka.

Lakini kumbukumbu ina mpaka wake. Katika visiwa vya Mascarene, ulikotoka mkarafuu, tufani ni jambo la kawaida. Unguja, iliyo karibu na ikweta, tufani kubwa ni nadra mno. Mche ulivuka bahari, hofu ya upepo haikuvuka pamoja nao. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikaharibu majahazi bandarini na kuiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu. Kazi ya miaka mingi ilikwisha kwa siku moja, na madeni yakabaki pale pale. Pemba kwa jumla ilisalimika. Bei ilipopanda, wenye mikarafuu huko walipata faida kubwa, wakapanda zaidi, na tangu wakati huo Pemba ndiyo itoayo karafuu nyingi kuliko Unguja. Je, watu wa Pemba walikuwa na macho makali zaidi? Hasha. Waliokolewa na mahali walipokuwa. Dawa ya hatari isiyo na dalili si kuibashiri, bali ni kutoweka mali yote mahali pamoja.

Hatari ya pili ilikuwa kinyume cha hiyo. Mashamba yalitegemea kazi ya watumwa, na karafuu hazimngoji mtu: zisipochumwa kwa wakati, vikonyo hufunguka vikawa maua na thamani hupotea. Basi, mkataba wa mwaka 1822 ulikataza kuwauzia Wakristo watumwa. Ule wa mwaka 1845 ukakataza kuwapeleka nje ya milki ya Afrika ya Sayyid Said. Na tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba uliokomesha biashara hiyo baharini na kufunga masoko yake. Onyo lilidumu miaka hamsini, nalo liliandikwa na kutiwa sahihi. Hata hivyo mashamba mapya yaliendelea kufunguliwa kana kwamba mikono ya kuchuma haitakoma kuletwa. Hapa hawakukosa habari; walikosa nia ya kuzikubali, kwani kuzikubali kungemaanisha kwamba msingi wa biashara yenyewe ni mbovu.

Ipo hesabu ya tatu, ambayo wanafunzi wa historia hupita juu yake upesi. Hali ya utumwa ilipoondolewa kisheria katika Unguja na Pemba mwaka 1897, fidia iliwekewa wenye watumwa waliothibitisha hasara yao. Waliokuwa watumwa walipata uhuru wao, lakini hawakulipwa chochote kwa miaka waliyofanya kazi. Hao hawakuulizwa shamba lilipoanzishwa, wala hawakuwa na sehemu katika faida. Walakini maisha yao ndiyo yaliyokuwa rasilmali iliyohatirishwa.

Kwa hiyo, anayetaka kupima hatari ya biashara mpya asitosheke kuuliza ni jambo gani laweza kuharibika. Na aulize pia: kumbukumbu ninayoitegemea imeanza lini? Ni onyo gani nimekwisha kulisoma nikalifunika? Na hasara ikija, ni nani atakayeilipa?