Kibanja cha Muleba na Sheria Iliyoandikwa Moyoni

Je, haki ni agizo lililo juu ya wanadamu wote, ama ni zao la maumbile na mazoea yao? Swali hili la wanafalsafa lilipata kusikilizwa mahakamani katika nchi ya Wahaya, nasi watumishi wa Neno yatupasa kulitafakari.

Mwezi Agosti 1988, mwanamke mmoja wa Wilaya ya Muleba, mzee asiye na wa kumtunza, aliuza kwa shilingi 300,000 ardhi ya ukoo aliyoachiwa na baba yake kwa wosia. Mnunuzi hakuwa wa ukoo huo. Kesho yake mwanaukoo mmoja alishtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha. Kanuni za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya namna hiyo, wala si kuiuza. Hivyo mauzo yakabatilishwa. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikatengua hukumu hiyo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba kwa mujibu wa Katiba uwezo wa mwanamke ni sawa na wa mwanamume. Ila ukoo ulipewa miezi sita kuikomboa ardhi kwa kurudisha bei yake.

Wako wasemao kwamba maadili yatokana na maumbile ya binadamu tu. Lakini hapa maumbile yalinena pande zote mbili: pendo la baba kwa bintiye, na shauku ya ukoo ya kulinda kibanja cha wahenga. Mdai na mdaiwa hawawezi kuwa pia mwamuzi.

Binti za Selofehadi walipodai urithi, Bwana alikiri kwamba wamenena haki (Hes. 27), kisha malalamiko ya wakuu wa ukoo nayo yakasikilizwa (Hes. 36). Luther, akihubiri mwaka 1525, alifundisha kwamba sheria ya Musa yawafunga Mataifa pale tu inapopatana na sheria ya asili, ile ambayo Paulo asema imeandikwa mioyoni (Rum. 2:15). Moyo, basi, ni ubao. Mwandishi ni mwingine.

Mchungaji wa Bukoba au Muleba aitwapo matanga yakiisha, ili kibanja kigawanywe, na aisikilize mila kwa heshima, kisha aipime kwa sheria hiyo, binti wa marehemu akiwapo na akisikilizwa.