Jalada Lisilofunguka: Kumbukumbu za Serikali, Haki za Raia na Programu Huria

Mkazi wa Bagara aliyezaliwa mwaka 1965, na ambaye hajawahi kuhama shamba la baba yake, ameishi katika wilaya tatu na mikoa miwili. Alizaliwa katika Wilaya ya Mbulu, akakulia Wilaya ya Hanang, na mwaka 1985 akajikuta katika Wilaya mpya ya Babati. Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha, naye akawa mkazi wa makao makuu ya mkoa. Baadaye ikaja Halmashauri ya Mji wa Babati, na Bagara ikawa mojawapo ya kata zake. Mtu huyu hakuhama. Mipaka ndiyo iliyomhama. Kila mpaka ulipochorwa upya, masjala zilikabiliwa na swali lile lile: jalada lipi linabaki, lipi linakwenda, na mwananchi atalitafuta wapi?

Swali hilo si la makarani peke yao. Katika miaka ya 1970, wakati Babati ingali ndani ya Wilaya ya Hanang, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO) lilifungua mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada, katika nyanda ambazo Wabarabaig walichungia mifugo yao. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa wanakijiji ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliutengua kwa sehemu kubwa. Ilisema kwamba kuandikishwa kwa kijiji hakukukifanya kuwa mmiliki wa ardhi. Ulihitajika ushahidi kwamba kiligawiwa ardhi hiyo kwa utaratibu wa sheria, na ushahidi huo haukuwapo. Hata wanakijiji mmoja mmoja walielezwa kuwa hawakuthibitisha kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni.

Tuisome hukumu hiyo kwa makini. Wabarabaig walikuwa na kumbukumbu: makaburi ya wazee wao, majina ya malisho, njia za kwenda majini. Kilichokosekana ni kumbukumbu ya aina inayotambuliwa na dola. Dola ndiyo inayoandika, ndiyo inayotunza, na ndiyo inayomdai mnyonge alete maandishi. Kwa hiyo utunzaji wa nyaraka haujawahi kuwa kazi ya kufuta vumbi tu. Ni sehemu ya mgawanyo wa madaraka kati ya ofisi na raia.

Leo jalada linaondoka katika karatasi na kuingia katika kompyuta. Wengi wanadhani kwamba kwa hatua hiyo tatizo la utunzaji limekwisha. Historia haituruhusu kudhani hivyo. Nyaraka za utawala wa Kijerumani zilizomo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ziliingizwa mwaka 1997 katika rejista ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Nyingi zimeandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi. Hata hivyo, baada ya zaidi ya miaka 100, anayejifunza mwandiko ule anaweza kuzisoma bila kumwomba mtu leseni. Tulinganishe na Uingereza. Mwaka 1986 shirika la utangazaji la BBC lilikusanya taarifa za nchi nzima katika diski maalumu, kuadhimisha miaka 900 ya kitabu cha sensa ya mali kiitwacho Domesday. Miaka 15 hivi baadaye mashine za kusomea diski zile zilikuwa zimekuwa adimu, na wataalamu walihangaika kuziokoa taarifa hizo. Kitabu cha mwaka 1086 kiliendelea kusomeka.

Sheria zetu zimeanza kulitazama jambo hili. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inaifungua kumbukumbu ya umma kwa wananchi baada ya miaka 30. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini inaitaka mahakama ipime namna ulivyotunzwa na kulindwa usibadilishwe. Sheria ya Serikali Mtandao ikafuata mwaka 2019. Tuunganishe masharti hayo: kumbukumbu iliyoandikwa mwaka 2025 inapaswa kusomeka, na kuaminika, mwaka 2055. Je, kampuni iliyouza programu itakuwapo? Na kama ipo, itadai malipo gani ili tufungue majalada yetu wenyewe?

Hapo ndipo programu huria inapopata uzito wa kisiasa. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi: yeyote mwenye ujuzi anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuuendesha. Zipo zilizotengenezwa mahsusi kwa kazi ya nyaraka, kama Archivematica ya kuhifadhi na AtoM ya kuorodhesha. Upo pia muundo wa faili wa PDF/A, uliowekwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2005 kwa ajili ya hifadhi ya muda mrefu.

Wala si mambo mageni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Takwimu za vituo vya afya nchini hukusanywa kwa DHIS2, mfumo huria ulioendelezwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Dar es Salaam wameujua kwa undani kiasi cha kuurekebisha kwa mahitaji yetu. Hilo ndilo jambo la msingi: ujuzi umebaki nchini.

Lakini tusijidanganye. Msimbo ulio wazi hautunzi chochote peke yake. Seva isiyo na nakala ya pili huungua kama masjala ya karatasi, na mfumo huria usio na fundi hufa kama mwingine wowote. Anayetunza ni mtumishi wa masjala, ambaye mara nyingi hukumbukwa mwisho katika bajeti na katika mafunzo.

Kwa hiyo madai yetu yawe mahususi. Kila mkataba wa mfumo wa serikali useme data itatolewaje, kwa muundo gani ulio wazi, mkataba unapokwisha. Kila halmashauri iwe na nakala mahali pengine, na ijaribu kuifungua kila mwaka. Kila mpaka unapogawanywa, orodha ya majalada ya kidijitali igawanywe kwa maandishi kama ya karatasi. Watumishi wa umma waulize hayo kabla ya kutia saini. Wanafunzi na wanaharakati wayaulize katika vikao vya wazi. Kijiji kitakachokwenda mahakamani mwaka 2055 kisiambiwe kwamba ushahidi wake upo, ila haufunguki.