Jeraha la Uzazi na Ndoa katika Uluguru

Husemwa kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini upo uchungu usiokwisha baada ya kuzaa, nao ni wa jeraha liitwalo fistula. Mama akishikwa na uchungu siku mbili au tatu bila msaada, kichwa cha mtoto hubana nyama zilizo kati ya njia ya uzazi na kibofu. Nyama hizo hukosa damu, hufa, na tundu hubaki. Mara nyingi mtoto huzaliwa maiti, na mama huvuja mkojo usiku na mchana. Aliyekwisha kupoteza mwana huwa katika hatari ya kupoteza na mume.

Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka wa 1907, na mji ukakua chini ya milima. Vijiji vya juu, katika milima ambayo kilele chake hupita mita 2,600, vilibaki na njia za miguu. Mwanamke aliyeshindwa kujifungua huko alishuka kwa kuchukuliwa na watu, na masika yalizidisha utelezi. Umbali ndio uliojeruhi. Hata hivyo, katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki ilisadikiwa kwamba anayekawia kuzaa ameficha uzinzi, akatakiwa aungame. Hivyo mgonjwa aligeuzwa mshtakiwa, na mume akajiona ndiye aliyedhulumiwa.

Desturi ya Waluguru ilimpa mwanamke kinga moja. Ardhi na watoto ni vya ukoo wa mama, yaani lukolo, na mara nyingi mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Palipo na desturi ya kuolewa kwa baba wa mume, aliyeachwa hupoteza nyumba na shamba kwa siku moja. Mluguru aliyeachwa alikuwa na konde la mama yake. Lakini konde halikuondoa harufu iliyomtenga na ngoma, soko na ibada. Tena ukoo unaohesabiwa kwa wanawake humtazamia binti auendeleze. Asiyezaa tena alihuzunika mbele ya ndugu zake kama mbele ya mumewe.

Si waume wote waliokimbia. Uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2006, uliofanywa Songea, Singida na Ukerewe, uliwakuta waume waliobaki na jamaa waliowatunza wagonjwa. Penye subira hiyo tiba ilikuwa na mahali pa kurudi. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, ilianza upasuaji wa fistula mwaka wa 2003, na tangu 2009 nauli za wagonjwa maskini zilitumwa kwa simu.

Basi ukoo ulimpa mwanamke mahali pa kusimama, na upasuaji ukaweza kumrudishia ukavu na heshima. Lakini mtoto aliyekufa harudishwi na vyote viwili. Humwokoa mkunga aliye karibu na barabara inayopitika, navyo huiokoa ndoa kabla haijajaribiwa.