Viraka vya kirusi cha Mbeya: nani kavishona, kirusi au maabara?

Ukifungua kitabu cha biolojia utakuta VVU vimegawanywa katika aina ndogo zenye majina ya herufi: A, B, C, D na kuendelea. Ulaya Magharibi na Marekani imetawala B. Kusini mwa Afrika imetawala C. Uganda na Kenya utakutana zaidi na A na D.

Sasa chukua ramani, itafute Mbeya. Barabara ya Tanzam inapita hapa kwenda Zambia kupitia Tunduma, na reli ya TAZARA nayo inaelekea hukohuko. Ukiteremka Kyela umefika mpakani mwa Malawi. Upande mmoja ni eneo la C, upande wa pili ni la A na D. Kwa hiyo haishangazi kwamba tangu miaka ya 1990 aina zote tatu zimekuwa zikizunguka pamoja mkoani hapa.

Kinachostahili kuulizwa ni hiki: watafiti walijuaje kwamba aina hizo hazikuishia kuwa majirani tu, bali zilichanganyika ndani ya kirusi kimoja? Jibu liko kwenye kazi ambayo haisemwi sana, ile ya kuandaa sampuli kabla haijaingia kwenye mashine ya kusoma vinasaba.

Kola si shati zima

Njia ya Sanger ya kusoma DNA ilitangazwa mwaka 1977, na PCR, yaani njia ya kurudufisha kipande cha DNA mara mamilioni, ikaja miaka ya 1980. Taarifa yote ya VVU ina herufi kama 9,700. Kuzisoma zote kulikuwa na gharama na kazi si mchezo, hivyo maabara nyingi zilichagua kipande kimoja, mara nyingi kutoka kwenye jeni la ganda la nje, zikasoma herufi mia chache na kukipa kirusi kizima jina kutokana na hapo. Ni sawa na kuangalia kola peke yake halafu ukaeleza shati lote.

Mwaka 1995 ikachapishwa kwenye jarida la Nature kwamba virusi kadhaa vilivyodhaniwa kuwa vya aina moja vina viraka. Hutokea hivi: seli moja ikiingiliwa na virusi vya aina mbili, kirusi kipya kinaweza kutoka na nakala moja ya RNA kutoka kila upande. Kikiingia kwenye seli nyingine, kimeng'enya chake kinachogeuza RNA kuwa DNA huruka kutoka nakala moja kwenda nyingine katikati ya kazi. Matokeo yake, mwanzo ni C, katikati ni D, mwisho ni C tena.

Mbeya, mwaka 2001

Mpango wa utafiti wa tiba Mbeya, ambao leo ni kituo cha NIMR, ulianza mwaka 1996 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Munich. Watafiti wake, pamoja na wenzao wa Marekani, waliamua kusoma karibu taarifa nzima ya kirusi. Walitoa DNA kutoka kwenye seli nyeupe za damu, ambako kirusi hujificha, wakairudufisha kwa PCR ya vipande virefu.

Matokeo yalitoka mwaka 2001. Sehemu kubwa ya virusi ilikuwa na viraka, na viraka vya huyu havikufanana na vya yule. Maana yake, havikutoka kwa babu mmoja. Uchanganyikaji ulikuwa ukitokea tena na tena.

Kuanzia mwaka 2000 pia walifuatiliwa wanawake 600 waliokuwa wakifanya kazi kwenye baa za mkoa huu. Kwa ajili ya sampuli nyingi namna hiyo kilitengenezwa kipimo cha bei nafuu kilichokagua sehemu kadhaa za kirusi kwa wakati mmoja. Baadhi yao walikutwa na zaidi ya aina moja ya kirusi mwilini.

Tyubu nayo inashona

Hapa ndipo pagumu, msomaji. PCR nayo ina tabia ileile ya kuruka. Kimeng'enya kikiishia njiani, kipande kilichokatika hujishikiza kwenye nakala ya kirusi kingine katika mzunguko unaofuata na kuendelea kunakiliwa. Ukiisoma hiyo DNA utaona kiraka safi kabisa, ila kimeshonwa ndani ya tyubu na mwilini mwa mtu hakijawahi kuwepo.

Tatizo hili ni kubwa zaidi pale damu inapokuwa na virusi vya aina mbili. Yaani Mbeya hasa.

Dawa ya kwanza ni kuzimua. DNA inazimuliwa mpaka chini ya asilimia 30 ya tyubu ndizo zinatoa majibu. Hapo kila tyubu iliyojibu ina uwezekano mkubwa wa kuwa imeanza na molekuli moja tu, na molekuli iliyo peke yake haina mwenzake wa kurukia. Inachosha, lakini inasaidia sana.

Ya pili ilitangazwa mwaka 2011: kila molekuli ya RNA, wakati inageuzwa kuwa DNA, inapewa lebo ya herufi nane za kubahatisha kabla ya PCR. Herufi nane za aina nne zinatoa lebo 65,536. Nakala zenye lebo moja zinalinganishwa, na makosa yanajitokeza.

Enzi ya maktaba

Siku hizi tunatengeneza maktaba. DNA inakatwa vipande vifupi, ncha zinasawazishwa, kisha zinaunganishwa na adapta ambazo mashine inazitambua. Kila sampuli inapewa lebo yake ili sampuli nyingi zisomwe pamoja. Mabaki yanasafishwa kwa shanga ndogo za sumaku, kiasi kinapimwa, ndipo maktaba inapakiwa.

Kasi imeongezeka, lakini lile swali la mwaka 2001 bado lipo. Mashine nyingi zinasoma herufi 150 hadi 300 kwa kipande. Kama damu ina kirusi cha A na cha C, na wewe umeshavikata vyote, kompyuta inaweza kuviunganisha kuwa kirusi kimoja chenye viraka. Mashine za kusoma vipande virefu zinapunguza hatari hiyo, mradi DNA haijakatikakatika tangu mwanzo.

Na mwanzo ni pale kwenye chupa ya damu. Ile yenye kifuniko cha zambarau ina EDTA, ambayo inafaa. Damu iliyowekwa kwenye heparini inaweza kuizuia PCR isifanye kazi kabisa, hata mashine yako iwe ya bei gani.

Haya yote yana uzito kwa sababu chanjo hubuniwa kwa kuangalia virusi vilivyopo, na usugu wa dawa hupimwa kwa kusoma hizohizo herufi. Tena kuna mtu nyuma ya kila sampuli. Kusema kwamba mwanamke fulani ameambukizwa mara mbili, kumbe ni tyubu iliyoruka, ni kumsingizia. Kwa hiyo ukikutana na ripoti ya virusi vyenye viraka, kabla hujauliza walitumia mashine gani, uliza walianza na molekuli ngapi kwenye kila tyubu.