Sanamu za Mashujaa: Kwa Nini Bei Inapanda na Ubora Unashuka?

Wengi wenu mmezoea kusoma hapa habari za programu, seva na simu. Leo naomba tuzungumzie plastiki. Naongelea zile sanamu ndogo za mashujaa wa filamu na katuni, zenye viungo vinavyokunjika: Spider-Man, Batman, wanajeshi wa G.I. Joe, watu wa Star Wars, wanamieleka. Mtoto huzichezea, lakini siku hizi wanaozinunua zaidi ni watu wazima wenye kazi, na wengi wao ni watu wa kompyuta kama mimi.

Ukikutana na wakusanyaji wa sanamu hizi, wawe Nairobi au Chicago, wimbo wao ni mmoja. Bei inapanda kila mwaka, na kitu chenyewe kinazidi kuwa hafifu. Miguu imelegea haisimami. Jicho limepakwa rangi kwenye shavu. Silaha zilizokuwa tano zimebaki mbili. Je, malalamiko haya ni ya kweli, au ni yale ya wazee kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri? Njia ya kujua ni kurudi kwenye historia, halafu kupiga hesabu.

Mwanzo: mwanasesere aliyebadilishwa jina

Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ya Rhode Island, Marekani, ilitoa sanamu ya askari iliyoitwa G.I. Joe. Ilikuwa na urefu wa inchi 12, yaani kama sentimita 30, na ilivaa nguo za kitambaa. Matangazo yake yalijivunia sehemu 21 zinazosogea. Kwa hakika alikuwa mwanasesere, lakini kampuni iliogopa kwamba hakuna baba atakayemnunulia mwanawe wa kiume mwanasesere. Kwa hiyo wakaepa neno hilo kabisa na kuiita sanamu ya vitendo. Hapo ndipo aina hii ya bidhaa ilipopata jina lake la Kiingereza.

Kilichomwangusha askari huyu ni mafuta. Plastiki hutoka kwenye mafuta ghafi, na baada ya mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 gharama zilipanda. Sanamu ya sentimita 30 hula plastiki nyingi. Kufikia mwaka 1976 toleo lile kubwa lilikuwa limefika mwisho wake. Naomba msomaji uliweke hili akilini: nusu karne iliyopita watengenezaji walikuwa tayari wanapunguza kitu ili kuokoa malighafi.

Kisha ikaja Star Wars mwaka 1977. Kampuni ya Mego, iliyokuwa kubwa wakati huo, ilikuwa imekataa leseni ya filamu hiyo. Kenner wakaichukua. Filamu ilivuma kuliko walivyotarajia, na Krismasi ya 1977 ikafika sanamu hazijawa tayari. Walichofanya kinanichekesha kila nikikikumbuka. Waliuza bahasha ya kadibodi yenye cheti cha ahadi, kwamba ukikituma kwa posta utaletewa sanamu zako mwaka unaofuata. Watu wakanunua! Sisi watengeneza programu tunaowauzia wateja vitu ambavyo bado hatujaviandika, basi tujue tuna babu zetu.

Sanamu za Kenner zilikuwa na urefu wa inchi 3 na robo tatu, kama sentimita 9 na nusu, na viungo vitano tu: shingo, mabega mawili na nyonga mbili. Ziliuzwa karibu dola 2 kila moja. Kati ya mwaka 1978 na 1985 ziliuzwa zaidi ya milioni 300. Kwa kipimo cha ufundi, Joe wa 1964 alikuwa mbali sana mbele yake. Ubora ulikuwa umeshuka, tena sana. Lakini bei nayo ilikuwa chini, mtoto angeweza kupata moja leo na nyingine mwezi ujao, na hakuna aliyelalamika.

Raba moja na bisibisi moja

Mwaka 1982 Hasbro walimrudisha G.I. Joe akiwa mdogo kama wale wa Star Wars, ila sasa ana viwiko na magoti. Ndani ya kiuno chake kulikuwa na pete ya raba iliyoshika mwili na miguu pamoja, na mgongoni kulikuwa na skrubu. Raba ilizeeka na kukatika, ndiyo. Lakini ulichukua bisibisi ndogo, ukafungua mgongo, ukaweka raba nyingine, askari akarudi kazini. Raba yenyewe ni ndugu wa ile inayozuia bomba lisivuje.

Sisi wa huku tunaelewa thamani ya jambo hilo. Hapa Chepseon, kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Kericho, fundi wa redio, fundi wa simu na fundi wa bodaboda wote wanaishi kwa sababu kuna skrubu. Sanamu nyingi za leo zimegundishwa kifuani kwa gundi au kwa joto. Kiungo kikikatika, safari imeishia hapo. Mimi naona huo ndio upungufu mkubwa kuliko hata rangi iliyopakwa vibaya, na si wengi wanaoutaja.

Miaka iliyofuata nitaipitia haraka. Mwaka 1984 walikuja Transformers, waliotokana na midoli ya kampuni ya Takara ya Japani. Mwaka 1991 Hasbro walimeza Tonka, ambao walikuwa wameshaimeza Kenner. Mwaka 1994 Todd McFarlane, mchoraji wa katuni, alianza kutoa sanamu za Spawn zenye uchongaji wa kina ambao haukuwahi kuonekana madukani. Hizo hazikulengwa kwa mtoto wa miaka saba. Mnunuzi mpya alikuwa amezaliwa: mtu mzima anayeweka sanamu kwenye rafu.

Kilele, kwa maoni ya wakusanyaji wengi, ni mwaka 2002, kampuni ya Toy Biz ilipoanzisha Marvel Legends. Kwa karibu dola 7 ulipata sanamu ya inchi 6 yenye viungo zaidi ya 30, kijitabu cha katuni na kitu cha kuisimamishia. Hasbro waliichukua leseni hiyo mwaka 2007, na hapo ndipo manung'uniko mengi tunayoyasikia leo yanapoanzia.

Sasa tupige hesabu

Dola 7 za mwaka 2002, ukizipandisha kwa mfumuko wa bei wa Marekani, zinakuwa karibu dola 12 za mwaka 2023. Lakini mwaka huo Marvel Legends moja ilikuwa inauzwa karibu dola 25. Mfano mwingine: sanamu ndogo za Star Wars za mfululizo wa Vintage Collection zilianza mwaka 2010 kwa karibu dola 8. Kwa mfumuko wa bei zingefika dola 11 hivi mwaka 2023. Zilifika karibu 17. Kwa hiyo kuhusu bei, wakusanyaji wana haki. Si uzee unaosema.

Kwa nini basi? Sababu ni nyingi, na ile ambayo watu huitaja kwanza, yaani tamaa ya kampuni, haitoshi peke yake.

Ya kwanza ni kalibu. Sanamu humwagwa kwenye kalibu ya chuma, na kalibu ni ghali hata kabla ya kutoa kipande kimoja. Tuseme kalibu za sanamu moja zimegharimu dola 50,000. Ukiuza sanamu 500,000, kila moja imebeba senti 10 za kalibu. Ukiuza 20,000, kila moja imebeba dola 2 na nusu. Watoto walipohamia kwenye michezo ya video na simu, idadi ilishuka na mzigo ukawaangukia wanunuzi wachache waliobaki. Ni kama programu: gharama iko kwenye kuiandika, nakala ni karibu bure, kwa hiyo wateja wakiwa wachache kila mmoja analipa zaidi. Ndiyo maana pia utaona mwili uleule ukirudi mara kumi na kichwa tofauti. Wakusanyaji hukasirika. Mimi nikiwa mtengeneza programu siwezi kulaani sana mtu anayetumia tena msimbo wake wa zamani.

Ya pili ni Uchina. Nyingi ya sanamu hizi zilitengenezwa huko kwa sababu mikono ya kupaka rangi ilikuwa ya bei nafuu. Mishahara ya viwandani imepanda mara nyingi tangu miaka ya 1990, na ni haki ya wafanyakazi. Rangi ya mkono ndiyo iliyopunguzwa kwanza. Mkanda uliokuwa na rangi tatu sasa una moja.

Ya tatu ni sheria za usalama. Mwaka 2007 Mattel walirudisha mamilioni ya vitu vya kuchezea, vikiwemo vilivyokutwa na risasi kwenye rangi. Mwaka 2008 Marekani ikapitisha sheria kali ya vipimo, iliyobana pia kemikali fulani za kulainisha plastiki. Vipimo hulipiwa. Hii ni gharama ambayo hata mimi ningeilipa bila kunung'unika.

Ya nne ni njia ya kufika sokoni. Toys R Us walifunga maduka yao Marekani mwaka 2018. Mwaka 2021 nauli ya kontena moja kutoka Uchina hadi pwani ya magharibi ya Marekani ilifika hata dola 20,000, mara kumi ya kawaida. Aprili 2025 Marekani ikapandisha ushuru kwa bidhaa za Uchina hadi asilimia 145, kabla ya kuushusha hadi 30 mwezi uliofuata. Kiwanda hakiwezi kupanga bei katika hali kama hiyo.

Lakini haki itendeke. Si kila kitu kimeshuka. Tangu mwaka 2017 hivi Hasbro huchapisha nyuso kwa mashine badala ya kuzipaka, na sura zimefanana na watu wenyewe kuliko zamani. Mwaka 2018, filamu ya Black Panther ilipotoka, ilitolewa sanamu ya Nakia, yaani Lupita Nyong'o wetu. Huko nyuma uso mweusi kwenye sanamu za bei hii mara nyingi ulikuwa uso wa mzungu uliopakwa kahawia. Na zile sanamu za Toy Biz tunazozililia? Muulize mwenye nazo ni viungo vingapi vilikatika alipovikunja mara ya kwanza.

Hesabu ya huku kwetu

Mkusanyaji wa Kenya ana tatizo lake ambalo Mmarekani halijui. Mwaka 2015 sanamu ya dola 20 ilikuwa kama shilingi 2,000, maana dola moja ilikuwa karibu shilingi 100. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, na sanamu ileile ya mfululizo uleule ilikuwa dola 25. Hiyo ni shilingi 4,000. Kule bei ilipanda kwa robo, huku ikawa maradufu, na bado hujalipa nauli, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Baadaye mwaka huo shilingi iliimarika hadi karibu 129, lakini 3,200 bado si pesa ya kuchezea.

Linganisha na mkulima wa chai. Chai yake huuzwa kwa dola kwenye mnada wa Mombasa, kwa hiyo shilingi ikianguka huenda bonasi ikanona kidogo. Mtoto wake anayetaka Spider-Man yuko upande wa pili wa mzani uleule.

Hivyo wengi wetu tunabaki na njia mbili. Ya kwanza ni mitumba, ambako sanamu ya miaka ya 1990 inaweza kutokea bila mkono mmoja, kwa bei ya soda. Ya pili ni zile za bandia, zenye jina lililoandikwa vibaya kwenye kadi na rangi ambayo hujui ina nini. Kenya ina Sheria ya Bidhaa Bandia tangu mwaka 2008, lakini mzazi mwenye shilingi 200 hanunui sheria. Kumbuka zile dola 25 zinalipia pia vipimo vya risasi. Aliyefungiwa nje na bei ndiye anayebaki na plastiki isiyopimwa, na kwa kawaida huyo ni mtoto mdogo anayeweka kila kitu mdomoni. Mkusanyaji akikasirishwa na jicho lililopakwa shavuni, hilo ni jambo dogo mbele ya hili.

Tufanyeje?

Kwa wenye ujuzi wa kompyuta, mlango umefunguka. Hataza muhimu ya uchapishaji wa 3D kwa kuyeyusha plastiki iliisha mwaka 2009, na bei za printa zikaporomoka. Nairobi kuna AB3D, wanaounda printa hizo kwa kutumia taka za kielektroniki. Printa haitashindana na kalibu kwa kutoa sanamu milioni, lakini mkono mmoja uliopotea, skrubu ya mgongo, au kiungo kilichokatika, hilo inaliweza. Ushauri wangu kwa mkusanyaji wa hapa ni huu: nunua chache, chagua zinazofunguka, usitupe iliyovunjika, na jifunze kuchora kipande kwenye kompyuta. Usichapishe sanamu nzima ya kampuni na kuiuza, hiyo ni wizi kama wizi mwingine.

Na kwa mtoto, kabla ya printa kulikuwa na waya, mkebe wa Kimbo na soli ya kandambili. Gari la waya lilitengenezwa na atakayelichezea, kwa hiyo likiharibika alijua pa kulishika. Siku nyingine nikipata nafasi nitaandika jinsi ya kuchora na kuchapisha magurudumu yake. Kama una kipande cha sanamu kilichokushinda kutengeneza, niandikie tukijaribu pamoja.